Ukurasa wa Saba

Idara ya Historia,
Nairobi.
8 Februari 1981

Kwa Mwaitu, mama yangu,

Mwalimu Kisilu, najua ni wewe unayefungua bahasha hii baada ya ibada, kwa hiyo nakusalimu wewe kwanza. Tafadhali msomee Mama polepole, na usiruke kitu.

Mama, idara yetu ina nafasi moja tu ya msaidizi mwaka huu. Anayeipata huongoza vikundi vya wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kusahihisha kazi zao, na chuo humgharamia masomo ya shahada ya pili mpaka amalize. Asiyeipata anafunga sanduku mwezi wa saba na kurudi kwao. Tumebaki wawili. Kuna mimi, na kuna Aftin Hared, kijana wa kaskazini anayeandika juu ya wachuuzi wa mifugo. Bodi itakaa mwezi wa tano.

Mimi nimeandika juu ya nyumba yetu. Nimeeleza jinsi Ndolo alivyokufa bila mtoto, na jinsi mjane wake, Bibi Syombua tuliyemwita Susu, alivyotoa mbuzi na ng'ombe akakuoa wewe uwe mke wake wa iweto, ili jina la Ndolo lisifutike. Hapa wengi hawaamini kwamba mwanamke anaweza kuoa mwanamke. Fomu yangu, mahali pa jina la baba, nimeandika Syombua, na karani amenirudishia mara mbili akidhani nimekosea.

Daktari Nzuki, msimamizi wangu, anasema kazi ni nzuri lakini ina shimo katikati. Anauliza mke wa iweto huzaa na nani. Najua kwetu jambo hilo haliulizwi. Susu alipokuwa hai hakuna aliyethubutu. Lakini Susu amekufa sasa, nami ninauliza. Ni nani aliyenizaa? Nitajie jina. Halitatoka nje ya idara.

Nijibu upesi.

Mutindi

*

Kanisa la Mlimani,
Nuu, kupitia Mwingi.
1 Machi 1981

Kwa binti yangu mpendwa Mutindi,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Sisi huku tu wazima, ila mvua iliyopita ilikuwa haba na mahindi yamebaki mafupi. Yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha.

Nimefurahi mno kusikia kwamba unatamani muthokoi wangu hata unauota. Nimekoboa mahindi mwenyewe kwa kinu, debe zima, na dereva wa basi la Mwingi atakuachia pale stesheni kwa karani wa mizigo. Upike na maharagwe yale mekundu, usiweke mafuta mengi.

Kuhusu swali lako, nasema hapana. Baba yako ni Syombua. Mtu anayechaguliwa kuzaa katika nyumba ya iweto huapa kutodai mtoto, na nyumba nayo huapa kutomtaja. Kiapo hicho kilifanywa kabla wewe hujazaliwa. Soma vitabu vyako na uache makaburi.

Mama yako,
Kalunde

Nami mwandishi, Mwalimu Kisilu, ninakusalimu. Mama yako husema kwa Kikamba, mimi ninapanga kwa Kiswahili safi kama nilivyokufundisha darasa la nne. Sikiza ushauri wake. Tena uniombee, kwa maana wazee wa kanisa wanalitafakari jina langu, wakipenda niwekewe mikono niwe mzee pamoja nao.

*

Malili.
20 Machi 1981

Kwa Bi. Mutindi,

Nimeisoma rasimu yako nikiwa hapa nyumbani, ambapo idara imenipa likizo ya kumaliza kitabu changu na mafundi wamenipa kelele za mabati. Rasimu yako inapendeza. Mwanamke anamwoa mwanamke, mtoto anazaliwa, kila mtu anashukuru. Umesahau tu kwamba watoto hawaletwi na posta.

Unaniandikia kwamba mama yako amekataa. Mimi sikukuomba habari za mama yako, nilikuomba habari za mtoa habari wako wa kwanza. Kama huwezi kutofautisha watu hao wawili, historia si kazi yako. Pale Kambu, kwenye barabara kuu, kuna wanawake wengi wanaouza maembe kwa wasafiri, na sijasikia hata mmoja akilalamika kwamba kazi hiyo inamtia aibu mbele ya mama yake.

Aftin Hared ameniletea wachuuzi ishirini na watatu, majina yao, majina ya baba zao, na hata majina ya ngamia. Ana akili ya kawaida, lakini ana majina. Bodi hupenda majina. Nina kura moja na sauti ndefu, na ningependa kuzitumia kwa ajili yako. Usinifanye nionekane mjinga.

Unayo mpaka mwisho wa Aprili.

Dkt. Nzuki

*

Nairobi.
27 Machi 1981

Kwa Mama,

Sijui muthokoi umetoka wapi. Mimi sikuomba muthokoi. Niliomba jina. Karani wa mizigo alinipigia kelele kwa sababu gunia lilikuwa linavuja, nikampa mlinzi wa bweni akale na watoto wake.

Mama, nisikilize vizuri. Kanisa zima lilinichangia nije huku. Mwalimu Kisilu alisimama pale mbele akawaambia watu kwamba nitakuwa msichana wa kwanza wa Nuu kufundisha chuo kikuu, wakapiga makofi, nawe ukapiga vigelegele. Sasa nimebakiza hatua moja na wewe ndiye umekaa mlangoni. Unamficha nani? Mtu ambaye hajawahi kuninunulia hata kalamu?

Nimefikiria sana nikaona hivi. Kama ni mtu wa heshima ungemtaja. Unanyamaza kwa sababu unaona haya. Basi jua kwamba mimi ndiye nimebeba haya hiyo tangu darasa la kwanza, watoto walipokuwa wakiniuliza baba yako amevaa marinda ya rangi gani.

Usiponiambia, nitarudi Nuu mwezi wa saba, lakini sitarudi nyumbani kwako. Nitapanga chumba sokoni. Na hutanisikia nikikuita mama.

Mwalimu, nisamehe kwa kukupa kazi ya kusoma maneno haya. Yasome hivyo hivyo yalivyo.

Mutindi

*

Kanisa la Mlimani,
Nuu.
12 Aprili 1981

Kwa Mutindi,

Nimeisikia barua yako yote. Nashukuru unasema muthokoi ulikuwa mtamu na umewaonjesha wenzako.

Umenilazimisha, basi nitasema, kisha usiniulize tena mpaka nife. Huwezi kupata jina kwa sababu jina halipo. Walikuwa wengi. Nilikuwa msichana, Syombua alikuwa mzee na hakuona yote. Wengine walikuwa wapita njia, wengine wachunga mifugo waliolala kwetu wakielekea Mwingi. Hata mimi sijui ni yupi. Ndiyo sababu nilinyamaza.

Kalunde

Mwandishi anaongeza: mama yako analia ninapoandika haya, nami nimemwombea. Usimhukumu. Ujana ni kitu kigumu, na wanawake wa namna hiyo hawakuwa na wa kuwaongoza. Nakushauri pia usije likizo hii. Mpe nafasi apone.

Mwl. Kisilu

*

Malili.
16 Mei 1981

Kwa Bi. Mutindi,

Hongera. Bodi ilikaa Jumanne na nafasi ni yako kuanzia Septemba. Nilisafiri mpaka huko makusudi nikaisome sentensi yako kwa sauti yangu mwenyewe. Ile ya ukurasa wa saba: "Mtoa habari wa kwanza, mke wa iweto, anakiri kwamba wanaume walikuwa wengi, wapita njia na wachunga mifugo, wala hawezi kumtaja hata mmoja." Kurasa arobaini za adabu zako zilishindwa kufanya kazi ambayo sentensi hiyo imefanya.

Nilitaka jina moja, ukaniletea kitu bora kuliko jina. Sasa ninaweza kusema katika kitabu changu kwamba iweto haikuwa ndoa hata kidogo, ilikuwa nyumba isiyo na mlango. Makala itatoka katika jarida la idara, jina langu likitangulia na lako likifuata, kama ilivyo desturi.

Aftin alitokwa na machozi kidogo. Nilimwambia ngamia wake watamngoja.

Jambo moja limebaki. Chuo kinataka barua ya ridhaa kutoka kwa watu wa Nuu, yenye muhuri wa chifu au wa kanisa, kuonyesha kwamba makala imesomwa huko na hakuna aliyepinga. Ni karatasi tu. Tafuta mtu anayejua kugonga muhuri.

Dkt. Nzuki

*

Nairobi.
2 Juni 1981

Mpendwa Mwalimu Kisilu,

Barua hii ni yako, si ya Mama.

Nimepata ile nafasi! Niliposoma tangazo ubaoni nilikufikiria wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Ulinifundisha herufi ya kwanza, ukanichapa nilipozembea, ukanitetea mbele ya kanisa. Sikuwa na baba wa kuniambia soma, lakini nilikuwa na wewe.

Nimeambatanisha makala. Chuo kinataka barua fupi yenye muhuri wa kanisa, kwamba watu wa Nuu wameiona na hawana neno. Mama sikumtaja kwa jina, nimemwita tu mtoa habari wa kwanza. Hata hivyo nakuomba, ukurasa wa saba usimsomee. Na wengine pia usiwasomee, wewe utaona namna. Kwa hekima yako nina hakika halitaharibika neno.

Mwambie Mama nimepata kazi.

Mwanafunzi wako,
Mutindi

*

Kanisa la Mlimani,
Nuu.
19 Julai 1981

Kwa Mutindi,

Bwana asifiwe kwa mafanikio yako. Barua ya ridhaa ndiyo hii, na muhuri umekolea vizuri.

Nilitaka sana kufanya kama ulivyoomba, ila muhuri wa kanisa hauwezi kugongwa juu ya maneno ambayo wazee hawajayasikia. Niliwasomea yote. Nilipofika ukurasa wa saba walinitaka niurudie. Hukuandika jina, lakini Nuu yote ina mke mmoja tu wa iweto mwenye mtoto chuo kikuu.

Wameamua mama yako akae benchi la nyuma, asikaribie Meza ya Bwana wala asiimbe na kikundi cha kina mama, mpaka atakapotubu. Nilijaribu kumtetea kadiri nilivyoweza. Amekubali kwa unyenyekevu, na hajasumbua mtu kwa maswali mengi. Alinijia mara moja tu kuuliza kosa lake, nikamwambia limeandikwa katika karatasi yako.

Mimi niliwekewa mikono Jumapili iliyopita. Maombi yako yamejibiwa.

Mama anakusalimu na anasema yuko salama.

Mzee wa Kanisa,
Kisilu

*

Nuu.
7 Februari 1982

Mutindi mwiitu wakwa, binti yangu,

Hii barua nimeandika mimi. Hakuna mtu ameshika mkono yangu. Angalia hizi herufi vile zimelala, utajua si ya Mwalimu.

Waliponiweka nyuma hakuna mtu aliniambia kwa nini. Wamama waliacha kukuja kwangu kuomba moto. Mtu akinipata kisimani anaweka mtungi chini anangoja nimalize. Nikauliza Mwalimu nimekosa nini, akasema imeandikwa kwa karatasi ya mtoto wako. Basi nikasema nitasoma hiyo karatasi.

Hapa sokoni kuna darasa ya ngumbaru, ya watu wazima, nyuma ya duka ya Waislamu. Anayefundisha ni Kaltun, binti ya mwenye duka. Hajui Kikamba, kwa hivyo tunasoma na Kiswahili. Mimi nilikuwa mzee kuliko wote na walinicheka. Nilianza na jina yangu, halafu jina yako. Yako ilinishinda siku nne.

Barua zako zote ninazo. Mwalimu alikuwa ananirudishia karatasi akimaliza, maana aliona mimi na mbuzi ni kitu moja mbele ya karatasi. Niliziweka kwa mkebe. Nikatoa nikaanza kusoma, mistari mbili kila siku, Kaltun akinisaidia kwa neno ngumu. Hiyo ingine ya makala Kaltun aliipata kwa karani wa kanisa, na ukurasa ya saba alinisomea yeye, kisha akafunga duka akaketi na mimi.

Mutindi, hiyo swali yako mimi sikuisikia. Mwaka jana yote sikuisikia. Mwalimu alinisomea eti unaendelea vizuri na unatamani muthokoi. Ile barua uliniambia hutaniita mama, alinisomea eti umeshukuru, muthokoi ilikuwa tamu. Mimi nilicheka siku hiyo nikarudi nyumbani nikiimba. Kumbe ndiyo siku ulinikataa.

Mimi sikusema hapana, na sikusema wengi. Hizo zote alitoa kwa kichwa yake.

Ukiniuliza mwenyewe uso kwa uso ningekuambia Susu alikataza, na ningeshika hapo. Lakini sasa kiapo imevunjwa na huyo aliandika wengi, si mimi. Ulitaka jina. Ni hiyo umeona kwa kila barua ilitoka hapa. Ni Kisilu. Alikuwa mwalimu kijana, alikuwa anakuja kwa Susu kuchukua maziwa. Susu alimchagua sababu alikuwa amesoma, alitaka mtoto wa kichwa. Aliapa mbele yake, na sikuwahi kumlaumu, alikuwa ameshika kiapo yake vizuri. Alikuwa mmoja. Hakukuwa na mwingine kabla yake, na hakukuwa na mwingine baada yake. Mimi nilikuwa mke wa Syombua na niliheshimu nyumba yake.

Alipoona umeanza kuuliza, na yeye anataka uzee wa kanisa, aliogopa. Akaona heri nioze mimi.

Sitaki uandike jina yake. Sitaki vita. Nataka kitu moja. Kwa hiyo karatasi yenu toa hiyo neno wengi, weka mmoja. Neno moja tu. Halafu ulete na muhuri ya chuo, Kaltun atasoma mbele ya kanisa, kwa sababu hiyo siku Mwalimu hatashika karatasi.

Nimechoka, mkono inauma. Hii imenichukua siku tisa.

Mama yako,
Kalunde

*

Malili.
3 Machi 1982

Kwa Bi. Mutindi,

Barua yako ina madoa. Sijui ni chai au ni machozi, lakini kwa vyovyote si namna ya kumwandikia msimamizi.

Unaomba tutoe masahihisho katika jarida, neno "wengi" liwe "mmoja". Unasema ni neno moja tu. Nyumba yangu hapa nayo imesimama juu ya jiwe moja la pembeni, na sijamwona fundi anayekuja kuliomba kwa mkopo. Hoja yote ya makala imesimama juu ya neno hilo. Sura ya nne ya kitabu changu imesimama juu ya makala. Na nafasi yako, kama umesahau, imesimama juu ya ukurasa wa saba.

Tuseme nikubali. Bodi itaniuliza ushahidi wa kwanza ulipatikanaje. Nitasema msaidizi wetu alimhoji mamaye kwa posta, kupitia mtu ambaye hakumjua kuwa ndiye anayetafutwa. Watacheka kwanza. Kisha watapiga kura. Mkataba wako unakuja mezani mwezi wa sita, na Aftin Hared bado anaazima vitabu katika maktaba yetu kila wiki, amevaa shati lile lile.

Mama yako anaishi Nuu. Watu wa Nuu hawasomi jarida letu. Baada ya miaka miwili watakuwa wamepata mtu mwingine wa kumweka benchi la nyuma.

Uamuzi ni wako. Ukiandika masahihisho hayo, yaandike kwa jina lako peke yako, na uyaambatanishe na barua ya kujiuzulu ili kumpunguzia karani kazi.

Dkt. Nzuki

*

Idara ya Historia,
Nairobi.
11 Aprili 1982

Kwa Mama,

Barua yako ilifika. Umejitahidi kuandika, hongera. Msalimie na huyo Kaltun.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mitihani. Nina vikundi vinne vya mwaka wa kwanza na kila wiki ninasahihisha insha zao. Wananiita mwalimu.

Kuhusu lile jambo la makala, nimeulizia. Kuna taratibu zake na si rahisi kubadilisha kitu kikishapigwa chapa. Huenda baadaye, kitabu kikitoka, tutaona. Kwa sasa ni vizuri tusilizungumze na watu, hata na Kaltun. Mambo ya kanisa hupita. Ukiketi nyuma kwa muda si vibaya, hata huko neno linasikika. Habari ya Mwalimu nimeielewa, na tuiache hapo.

Nimekutumia blanketi kwa basi la Jumamosi. Ni zito, la rangi ya kahawia. Usilifue kwa maji ya moto, litanywea. Niandikie tu kama limefika.

Mutindi

*

Nuu.
2 Mei 1982

Mutindi,

Blanketi imefika. Haina tundu.

Barua pia nimesoma. Nimesoma mara tatu na kidole, nikitafuta mahali umeandika mmoja. Nilidhani nimeruka, maana mimi bado naruka maneno. Nikampa Kaltun atafute. Yeye pia hakupata.

Halafu nikatafuta kitu ingine. Nilitafuta mahali unasema unatamani muthokoi. Haikuwa kwa hii. Nikamwaga mkebe yote chini, barua tangu uende sekondari, nikasoma moja moja. Imenichukua wiki mbili. Kila barua Mwalimu alikuwa akimaliza kusoma hivi: Mutindi anasema anakukumbuka, anasema akifunga macho anasikia kinu yako. Miaka hiyo yote nilikuwa nikitoka kanisani na hiyo maneno, nikienda nayo shambani, nikienda nayo kisimani. Nikikoboa mahindi nilikuwa nagonga kinu na nguvu nikisema labda anasikia.

Haiko, Mutindi. Hata kwa barua moja. Umeandika tuma hii, tuma ile, jibu upesi. Alikuwa anaongeza yeye.

Sijui kwa nini alifanya hivyo, mtu mbaya kama huyo. Labda aliniona vile nilikuwa nakaa mbele yake nikingoja.

Kaltun anasema nimemaliza kitabu ya pili na serikali itanipa cheti. Nimemwambia ampe mtu mwingine. Mimi nimerudi kukaa nyumbani jioni.

Nimefurahi umepata kazi yako. Usiiache. Sitakuuliza tena hiyo neno.

Ukiniandikia siku ingine, usitume kwa duka ya Kaltun. Tuma kwa Mwalimu. Wacha anisomee yeye.

Kalunde,
mke wa Syombua